Sura ya Tisa: Maji Yaliyogoma Kiunoni

Mpelelezi alishuka ngazi huku akihesabu vidato, na kwenye kidato cha kumi na tatu buti zake zikagusa mwamba. Shimo lilikuwa na kina cha mita nne, urefu wa mita mbili na upana wa moja na nusu, limechongwa wima kwenye jiwe la kijivu, pale ambapo ukuta wa bwawa ungekuja kuegemea ubavu wa kilima. Juu kilionekana kipande cha mbingu kisichozidi ukubwa wa mlango, na mbingu yenyewe ilikuwa imenuna tangu alfajiri. Siku tatu zilizopita, Jumatatu asubuhi, mtu alikutwa humu amekufa, na daktari akaandika kwamba amekufa maji. Tabu ni kwamba shimoni hamkuwa na maji. Palikuwa na tope la kulowesha soli ya kiatu, basi.

Marehemu alikuwa mpimaji. Kazi yake ilikuwa kujua mwamba unakunywa maji kwa kasi gani, na kwa jinsi alivyokuwa hakubali kitu cha kukadiria, wenzake walimwita Milimita hadi jina lake halisi likabaki kwenye karatasi za mshahara tu. Mtu aliyeshikwa kwa kifo chake ni fundi wa mashine ya kutoboa mwamba, jitu la miraba minne liitwalo Keekee. Mpelelezi alimkamata mwenyewe Jumatatu ileile kabla ya chakula cha mchana, na wakubwa zake wakamsifu. Kesho, Ijumaa saa tatu, Keekee angesomewa shtaka la mauaji. Jalada lilikuwa limekaa vizuri. Lilikaa vizuri mapema mno, na jambo hilo lilikuwa linamkereketa.

Kilichomrudisha shimoni ni mstari mmoja katika taarifa ya daktari. Marehemu alikutwa ameshika msumari wa inchi sita, na ncha za vidole vyake zilikuwa na vumbi la jiwe. Jumatatu mpelelezi aliusoma mstari huo akasema moyoni, maskini, alijaribu kupanda. Usiku wa jana akausoma tena akajiuliza nani hupanda ukuta kwa msumari mmoja.

Akawasha tochi, akaiweka karibu na ukuta ili mwanga upite ubavuni. Hapo ndipo alama zilipojitokeza.

Hazikuwa mikwaruzo ya mtu anayepapatika. Zilikuwa mistari mifupi, imelala sawa, urefu wa kidole, na kando ya kila mstari kulikuwa na tarakimu za saa. Ukuta wa kushoto ulianza na mstari wa juu kidogo ya goti: saa nne kamili. Chini yake saa nne na nusu. Chini yake saa tano. Kadiri zilivyoshuka ndivyo zilivyosogeleana, na wa mwisho ulikuwa karibu na sakafu: saa sita kamili. Kando ya huo palikuwa na neno moja lililochongwa kwa haraka, limepewa saa yake kama vipimo vingine. Ngazi. Saa sita na dakika tano.

Mpelelezi alinakili vyote kwenye kijitabu chake. Neno lile halikumsaidia Keekee hata chembe. Keekee alikwishakiri kwamba Jumamosi, kazi ilipofungwa saa sita, aliitoa ngazi yeye kwa mikono yake.

Kisha akaugeukia ukuta wa kulia. Huko alama zilipanda. Saa saba kasoro dakika kumi na saba, chini ya goti. Kasoro kumi na tano, pajani. Kasoro kumi, kifuani. Kasoro tano, juu ya kidevu cha mtu wa kimo cha kawaida. Na moja ya mwisho, imepinda, karibu mita mbili kutoka sakafuni, kasoro tatu.

Alikaa kwenye kidato cha ngazi kwa muda. Mtu alifungiwa shimoni, maji yanampanda, na yeye alikuwa anapima. Mpelelezi aliwahi kuona vifo vya kila namna na hakuwa mwepesi wa machozi, lakini hiki kilimuuma.

*

Ofisi ya Mhandisi Mkuu ilikuwa kontena lililopakwa rangi nyeupe ndani. Kulikuwa na meza, feni, ramani ya bwawa iliyofunika ukuta mzima, na viatu safi vya akiba chini ya kiti. Mhandisi alikuwa mtu mwembamba, mwenye adabu, asiyekatiza maneno ya mtu.

"Lile shimo lilichimbwa kwa ajili gani?" mpelelezi aliuliza.

"Kupima mwamba, Afande. Unatia maji, unaangalia yanashuka kwa kasi gani. Yakishuka upesi, mwamba una nyufa, inabidi uzibe nyufa kwa saruji kabla hujajenga. Ni miezi ya kazi."

"Na hapa yalishukaje?"

"Hayakushuka." Akafungua droo, akatoa ripoti. "Mwamba umekaza. Ukitia maji leo, wiki ijayo unayakuta."

"Nani alipima?"

"Marehemu."

"Sioni saini yake."

"Angesaini Jumamosi. Mungu hakupenda."

Mpelelezi aliigeuza karatasi. Saini ya Mhandisi ilikuwepo, nzuri, yenye mkia. "Kama mwamba haunywi, Jumatatu maji yalikuwa wapi?"

"Hilo nilikueleza siku ileile." Hakukasirika. "Pampu ya Keekee inajaza na inanyonya. Ilikuwa kando ya shimo. Yeye analala hapahapa kambini, Jumapili alikuwa peke yake. Aliyajaza, akayatoa. Walikuwa na ugomvi wao, kila mtu anajua. Milimita alikuwa anamsimamishia mashine kila saa ili apime."

"Na pampu nyingine hapa mnayo?"

"Ile kubwa ya kuoshea zege. Haijawashwa tangu Alhamisi iliyopita."

"Ufunguo anakaa nao nani?"

"Unakaa stoo, Afande. Kila kitu hapa kinakaa mahali pake."

Mpelelezi alishukuru, akaomba nakala ya ripoti, akapewa. Hakutaja alama. Mlangoni aligeuka. "Mhandisi, wewe uliondoka saa ngapi Jumamosi?"

"Saa sita. Kama wote."

*

Chumba cha mahojiano rumande kilikuwa na meza iliyofungwa sakafuni kwa nati, na dirisha la juu lililopitisha mwanga wa kijivu. Juu ya meza kulikuwa na shati jeupe lililokunjwa na kupigwa pasi. Mke wa Keekee alilileta asubuhi ili mumewe asisimame mbele ya hakimu na ovaroli ya kazi.

Keekee aliingia, akakaa, kiti kikalia. Aliongea kwa sauti kubwa kama wote waliokaa na mashine miaka ishirini, masikio yakiwa yameshaaga.

"Nimekuja unifundishe," mpelelezi alisema.

"Nikufundishe nini tena, Afande? Mimi ni muuaji."

"Mwamba unakunywaje maji?"

Keekee alimtazama kuona kama anachezewa. Alipoona sivyo, akaegemeza viwiko mezani, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu uso wake ukawa uso wa fundi.

"Jiwe lenyewe halinywi. Jiwe kama lile letu, lichovye kwenye ndoo mwezi mzima, ulivunje, ndani kavu. Kinachokunywa ni ufa. Maji yanaingia ufa huu, yanatafuta ufa mwingine, yanakwenda zake. Na ufa una maajabu yake. Ukiupanua mara mbili, haupitishi maji mara mbili. Unapitisha mara nane. Milimita alinionyesha kwa hesabu, nikabisha, akanionyesha kwa maji, nikanyamaza."

"Na kina cha maji kina maana?"

"Kina maana sana. Maji yakiwa kidogo shimoni, yanasukuma kidogo, mwamba unalamba tu. Yakiwa mengi yanasukuma kwa nguvu, na yanafikia nyufa za juu pia. Ndiyo maana yakishuka yanashuka mbio kwanza, halafu polepole."

Mpelelezi alikumbuka mistari ya ukuta wa kushoto, jinsi ilivyosogeleana kuelekea chini. "Kwa nini bwawa lijali? Ukuta wa zege mnene namna ile."

"Watu wanadhani ukuta unaangushwa na maji yaliyo mbele yake." Keekee alitikisa kichwa. "Hayo ukuta unayamudu. Kazi ipo kwa yale yanayopita chini. Yanaingia kwenye nyufa na uzito wa bwawa zima mgongoni, yanausukuma ukuta kutoka chini kwenda juu. Yanauinua, Afande. Ukishakuwa mwepesi, yale ya mbele yanausogeza. Na chini ya lile bonde kuna watu wanaishi."

"Lile shimo lenu linakunywa?"

"Linakunywa kama limetoka safari. Niliposikia mnasema mwamba umekaza, nikasema basi wenye vyeo ndio wanaojua."

Mpelelezi alifungua ukurasa mpya wa kijitabu. "Pampu yako inatoa kiasi gani?"

"Lita hamsini na tano kwa dakika. Ikiamka vibaya, hamsini."

"Tuseme umeielekeza shimoni, ukaiacha iende. Inatokea nini?"

Keekee alifumba macho. Midomo yake ilikuwa inahesabu. "Mwanzo maji yatapanda. Baadaye yatapanda kwa kusuasua, maana kila yanapoongezeka mwamba nao unazidi kunywa. Halafu yatafika mahali pampu inatoa lita hamsini na tano na mwamba unakunywa lita hamsini na tano. Hapo yatagoma. Ukae wiki nzima, hayaongezeki hata unywele."

"Yatagomea wapi?"

Alisimama polepole, pingu zikalia, akaonyesha kwa ubapa wa mkono kwenye kiuno chake. "Hapa. Pengine chini kidogo."

Mpelelezi alimtazama yule mtu mkubwa, kiganja chake kikiwa kimelala mkandani. Mtu mzima hazami kwenye maji ya kiunoni, akiwa amesimama.

"Kwa nini hukusema haya Jumatatu?"

"Uliniuliza nani alitoa ngazi," Keekee alisema. "Nikakujibu."

Hakukuwa na kisasi katika sauti yake, na hilo lilimchoma mpelelezi zaidi. Aliinuka, akalisogeza lile shati jeupe mbali na ukingo wa meza lisije likaanguka.

*

Mtunza stoo, mama wa makamo ambaye kazini walimwita Mama Stoo, ndiye aliyekuwa na funguo zote na ubao wa vibao. Ubao ulining'inia nje ya mlango wake, umegawanywa sehemu mbili, Ndani na Nje. Kila anayeshuka shimoni hukitoa kibao chenye namba yake upande wa Nje akakitundika upande wa Ndani. Akipanda, anakirudisha. Kanuni ya kambi ilikuwa fupi: kibao kikiwa Ndani, ngazi haiguswi, vibao vyote vikiwa Nje, ngazi inatolewa, asije mtu wa kupita akashuka na kuvunjika.

Milimita alikuwa namba tisa. Jumamosi saa sita namba tisa ilikuwa Nje.

"Alisahau kukihamisha," mpelelezi alijaribu.

"Nani, Milimita?" Mama Stoo alicheka kicheko kisicho na furaha. "Mwanangu, yule alikuwa akienda chooni anakiweka kibao kwanza, ndipo anatembea. Tulimtania hata akachoka. Asahau?"

"Nani mwingine anapita hapa ubaoni?"

"Kila mtu anapita. Ubao hauna kufuli."

"Nisaidie jambo moja. Nataka pampu ya Keekee ijaze lile shimo."

Mama Stoo alimtazama kutoka kichwani hadi kwenye buti. "Na mafuta ya pampu ataandikiwa nani?"

"Andika mimi."

Saa sita na nusu mpira wa maji ulikuwa unamwaga shimoni. Mpelelezi alisimamisha ubao mrefu kwenye kona, ameuchora sentimita kwa kalamu nyeusi, akakaa ukingoni juu ya ndoo iliyopinduliwa na saa mkononi. Manyunyu yalianza, yakakoma, yakaanza tena. Mama Stoo alileta mwavuli, kisha akaleta ndoo yake, akakaa naye, kwa maelezo kwamba stoo haina mtu wa kuiba mchana.

Maji yalipanda kama Keekee alivyosema. Nusu saa ya kwanza, sentimita arobaini. Nusu saa ya pili, ishirini na mbili tu. Ya tatu, kumi na tatu. Kisha saba. Saa tisa alasiri yalikuwa yanabembeleza mstari wa tisini, pampu inakoroma ileile, mpira unamwaga uleule, na maji hayaendi popote. Mpelelezi alisubiri dakika arobaini zaidi. Yaliongezeka upana wa kidole, yakasimama.

Mama Stoo aliinuka, akajipima na ule ubao kwa macho. "Kiunoni," alisema. "Na mimi ni mfupi. Milimita yangemwishia chini ya hapo."

"Pampu kubwa inatoa kiasi gani?"

"Ile? Lita mia nne kwa dakika. Inaosha zege hadi inaondoka na kokoto."

Mpelelezi alipiga hesabu kwenye kijitabu, akaifuta, akaipiga tena. Lita mia nne ukitoa kile mwamba unachokunywa. Goti dakika tatu, kifua dakika kumi, mita mbili dakika kumi na nane. Alifungua ukurasa wa asubuhi na kulinganisha na ukuta wa kulia. Zilifuatana mstari kwa mstari. Milimita hakuandika jina la mtu, kwa sababu jina halipimiki. Aliandika alichoweza kukipima, na alichokipima kilikuwa na alama ya pampu moja tu.

"Mama," mpelelezi alisema, "ufunguo wa pampu kubwa ulikuwa kwako Jumamosi?"

Mama Stoo aliikunja kanga begani.

"Haukuwepo. Mhandisi aliuchukua Ijumaa jioni. Jumatatu nilipofika nikaukuta msumarini pake. Nikaona ni mkubwa wangu, atakuwa na yake." Aliangalia maji. "Hakuna aliyeniuliza habari za funguo. Wote mliuliza habari za Keekee."

Ilikuwa mara ya pili siku ile kwa mpelelezi kuambiwa neno la namna hiyo. Aliliandika nalo, chini ya hesabu.

*

Mlio wa pampu ulikuwa umemfikia Mhandisi kontenani. Alikuja na mwavuli na viatu vyake safi, akikanyaga palipo pakavu.

"Afande, hili ni eneo la kazi. Ungeniarifu."

"Nimejaribu kumzamisha mtu kwa pampu ya Keekee," mpelelezi alisema. "Nimeshindwa. Saa tatu na zaidi, maji yamegoma kiunoni."

Mhandisi alichungulia.

"Ripoti yako inasema mwamba haunywi. Kama ni kweli, haya maji yangekuwa yamefika kule juu sasa hivi, na Keekee kesho anakwenda kizimbani na haki yake. Kama si kweli, pampu ya Keekee haiwezi kumfunika mtu, kuna moja tu inayoweza, na ufunguo wake ulikuwa nao wewe. Nitazimisha pampu. Tutasimama hapa mimi na wewe na Mama Stoo tuangalie. Yakibaki palepale, nitakuomba radhi."

Alimpa Mama Stoo ishara. Pampu ilinyamaza, na ukimya ukaangukia eneo zima. Watatu wale walitazama ubao. Dakika moja haikwisha, mstari wa tisini ukawa mkavu. Sentimita nyingine. Nyingine. Maji hayakuwa na kelele wala mzunguko, yalikuwa yanashuka tu, kana kwamba chini kuna mtu anayavuta kwa subira. Mpelelezi akawasha tochi, akaipitisha ubavuni mwa ukuta wa kulia, na juu ya maji alama za msumari zikajitokeza moja moja zikiwa na unyevu, kila moja na saa yake.

Mhandisi aliziona. Mpelelezi alimwona alivyoziona.

"Aliandika," Mhandisi alisema.

"Ulijua?"

"Nilichungulia mara moja. Yalikuwa kifuani. Nilidhani atakuwa analia. Alikuwa ameangalia saa yake, anaandika ukutani." Mwavuli ulikuwa umemwinamia begani na mvua inamlowesha upande mmoja. "Nilitaka asaini tu. Wiki mbili nzima namwomba. Wakubwa wanataka zege lianze kumwagwa, kila siku simu. Jumamosi nikahamisha kibao chake, Keekee akatoa ngazi, nikabaki naye. Nikamwambia, saini, nitashusha ngazi. Akaniambia nije nisome mistari yake. Nikasema maji yakifika kifuani atakubali. Mtu yeyote angekubali."

"Yalipofika kifuani, kwa nini hukuzima?"

"Simu ikalia. Walikuwa wao, wanauliza ripoti. Pampu ina kelele, nikatoka kando ili nisikie. Walinishikilia robo saa. Niliwaambia iko tayari."

Mama Stoo alijifunika mdomo kwa kanga. Mpelelezi alitoa pingu mwenyewe, hakutaka kuita mtu. Akamfunga.

"Hakujua kuogelea," Mama Stoo alisema, hakumwambia mtu yeyote hasa. "Miaka yote anapima maji, hajawahi kuyaingia."

*

Saa kumi na mbili jioni Keekee alisaini karatasi za kuachiwa kwenye kaunta ya kituo. Alirudishiwa mkanda, simu, na kijiko cha mfukoni alichozoea kutembea nacho. Shati jeupe alilishika chini ya kwapa bila kulivaa. Mkewe alikuwa anamsubiri nje chini ya paa, amesimama, hakutaka kukaa kwenye benchi la polisi.

"Nilikosea," mpelelezi alisema. "Nakuomba radhi."

Keekee aliitika kwa kichwa, lakini hakuondoka.

"Sheria inasema tuchungulie shimo pia," alisema kwa ile sauti yake kubwa, na askari wa kaunta akainua kichwa. "Ubao, halafu shimo. Miaka yote nachungulia. Jumamosi namba zote zilikuwa Nje, nina haraka, mke wangu ananingoja mjini. Mashine ilikuwa bado inanguruma nikiisafisha. Niliangalia ubao, Afande. Sikuangalia shimo."

"Mhandisi ndiye aliyehamisha kibao. Si wewe."

"Najua aliyehamisha kibao." Alisugua uso. "Niambie kitu kimoja. Alijua saa ngapi kwamba ngazi imetoka? Maana alikuwa na viziba masikio, na akipima huwa anaipa ngazi mgongo. Pengine hakujua mpaka nimeshakwenda. Hata angeita, asingekuwa na wa kumwita."

Kijitabu kilikuwa kwenye mfuko wa koti la mpelelezi. Alihisi ncha yake ikimgusa ubavuni.

"Hakuandika," alisema.

Keekee alimtazama kwa muda mrefu, bila hasira, kama anavyotazama mashine ambayo mlio wake umebadilika.

"Milimita?" alisema. "Asiandike?"

Nje mvua ilikuwa imeongezeka. Mpelelezi alitoa kijitabu, akakifungua ukurasa wa asubuhi, akakiweka juu ya kaunta na kukigeuzia upande wa Keekee. Yule mtu alipitisha kidole chake kinene juu ya mistari, taratibu, mpaka kikafika kwenye lile neno na saa yake, kikakaa hapo.

"Saa sita na dakika tano," alisoma. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Injini ya mashine niliizima saa sita na robo. Nilikuwa palepale juu."